Treni ndogo na sketi zetu za kubana

Jumamosi, jioni. Mbingu safi, upepo umelala. Miguu inaniuma lakini moyo umetulia.

Wiki nzima niliogopa mvua. Kila asubuhi kabla ya kuchemsha chai natoka kwenye balkoni kuangalia mawingu upande wa bahari. Paa la krechi yetu, pale tunapoacha watoto tukienda kazini, hapa mtaani Overport, limetoboka, na mtoto wangu Gracia anakohoa juu ya ule unyevu wa ukutani. Mvua kubwa zikitukuta hivi, krechi inafungwa. Ndiyo maana tulifanya hii siku ya treni ndogo, wageni walipe kupanda, kuchangisha hela ya mabati. Na ni mimi niliyesimama kanisani nikasema niachieni, nitapanga. Mimi ambaye shule niliishia darasa la nne!

Basi nikamwomba Mungu azuie mvua. Akazuia.

Kuhusu sketi sikumwomba.

Maana ni mimi tena niliyesema wamama wote tushone sare, kitenge kimoja cha njano, wageni watuone. Fundi akatushonea sketi ndefu, imebana hadi chini ya magoti, unatembea kama bata. Tulifika pale kwenye reli tukiwa warembo, kweli. Wageni walikuwa wamejaa, wengine wametoka Westville, mtaa wa wenye hela, na magari yao.

Ile treni, kama hujaiona, inakufika kwenye goti tu. Haina viti kama vya basi. Iko benchi refu, unalipanda kama pikipiki, mguu huku, mguu huku. Na mtoto mdogo hapandi peke yake, lazima mtu mkubwa akae nyuma yake amshike.

Watoto wa krechi ndio walikuwa wapande wa kwanza, ili wageni waone mchango wao unaenda kwa nani. Uncle Ravi, mzee anayeendesha treni, akapiga filimbi akatuita. Tukaangaliana.

Hakuna hata mmoja aliyeweza kupanua miguu.

Mi nikajaribu kukaa kiupande, miguu yote upande mmoja. Uncle Ravi akakataa kwa heshima, akasema kwenye kona nitaanguka na mtoto. Waume zetu Jumamosi wako kazini, wengine bandarini, wengine wanalinda maduka, wa kutusaidia hakuna. Watoto wakaanza kulia. Mama mmoja mgeni akaangalia saa, akamshika mwanawe mkono, wakaelekea kwenye gari. Niliona paa letu linaondoka nao.

Uncle Ravi akaingia stoo, akarudi amebeba ovaroli za bluu za waendesha treni, zimelowa grisi. Akasema pole, ziko hizi tu.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kwa kanisa letu mwanamke havai suruali, na anayetukumbusha kila Jumapili alikuwa amesimama pale pale: Maman Pasta, mke wa mchungaji. Sikuthubutu kumwangalia usoni.

Yeye mwenyewe akachukua ovaroli moja. Akaingia stoo, akafunga mlango.

Alipotoka, kilemba kiko kichwani vilevile, mikono ya ovaroli ameikunja, imemjaa kila upande. Hata watoto waliacha kulia wakamtazama.

"Munaangalia nini?" akasema. "Hii si suruali. Hii ni kazi."

Maman Chantal wa saluni, ambaye mdomo wake haujui likizo, akapiga kelele: "Eh, Maman! Kumbe tuna makanika kanisani, na gari la mchungaji tunalisukuma kila Jumapili!"

Maman Pasta alicheka hadi akashika ukuta. Basi, tukagombania zile ovaroli. Anayeshuka anavua, anayepanda anavaa, stoo ikawa kama duka la nguo. Wageni nao wakacheka na sisi, si kwa ubaya. Na yule mama wa saa nilimwona amerudi, mwanawe amekaa mbele kabisa.

Zamu yangu nilipanda na Gracia. Kwenye kona akageuza kichwa, akaniambia, "Maman, shika mimi, usishike treni."

Eish. Kumbe nilikuwa nimeng'ang'ania benchi kwa mikono miwili.

Nikamshika yeye.

Tulipokuwa tunakusanya sufuria za mandazi tuliyowauzia wageni, Maman Pasta akaja kuninong'oneza kwamba hela ya mabati imetimia, na ya misumari pia. Nikalia kidogo, nimeinama kama mtu anayesugua sufuria. Aliniona, akaniacha nilie.

Kesho kanisani sijui atatuambia nini kuhusu suruali. Najua tu kwamba sitamwogopa kama zamani.

Fundi wa mabati anapanda juu ya paa Jumatatu. Sasa hivi nimetoka tena kwenye balkoni, mazoea hayo, nikaangalia upande wa bahari. Iko wingu moja dogo.

Mvua, nakubembeleza, nipe hadi Alhamisi, fundi amalize. Kisha nyesha vile unataka.