Mshauri wa Hisa Aliyesema Kweli

Nkuhungu, Dodoma

Mdogo wangu Agnesi,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila naitikia mapema nisije nikafa nikikudai shikamoo. Hujambo? Magoti bado yanakubeba? Mimi nipo, nalinda ghala la mahindi la watu, na meno yananiaga mojamoja.

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Unasema mshauri wa hisa amefika huko Masasi, na fedha yako ya korosho, ile ya kuezekea nyumba, unataka kumpa yeye kwa kuwa ni mkweli: amekiri mwenyewe kwamba kampuni inamlipa. Agnesi, hicho kichwa ni cha kubebea ndoo tu?

Huyo huyo alipita hapa, wakati huo akiuzia kampuni nyingine. Alitukusanya shuleni, suti imelowa jasho, akasema, "Kanuni mpya inanitaka niwajulishe: kila hisa mtakayonunua, kampuni inanipa changu."

Jirani yangu Yusta, mjane wa Kigogo, akapiga vigelegele. "Huyu ndiye mshenga mwenye adabu! Kamtaja aliyemtuma, kataja na chake."

Watu makofi.

Nikamwambia, "Yusta, mshenga akikudanganya unamfuata kwake. Huyu kwake unakujua?"

Yusta akanijibu, "Kaa chini, mzee! Hata kuku huna, ya mali utayajulia wapi?"

Wakanicheka, na mshauri naye akacheka.

Yusta akauza ng'ombe wote, akanunua hisa. Kiwanda tulichoonyeshwa kwenye picha hakikujengwa, na kampuni ikafungwa. Nikamsindikiza mjini kwa ofisa wa serikali anayesimamia hisa, kijana mpole kweli.

"Mama, alikuambia kampuni inamlipa?"

"Aliniambia."

"Mbele ya watu?"

"Nilimpigia na vigelegele."

"Basi alitimiza sheria." Akatufungulia mlango tutoke.

Siku hizi Yusta anachunga ng'ombe wale wale, kibarua kwa tajiri aliyewanunua. Sauti yake bado wanaijua. Akiwaita wanakuja mbio, jioni anawaingiza zizi la mwenzake.

Sasa wewe, sheria imemlazimisha mtu akuonye, nawe unamchemshia chai! Nunua bati.

Nilimsomea Yusta barua yako. Akauliza, "Kwao wana ng'ombe?" Nikamwambia hawana, wana mikorosho.

"Basi mwambie azoee kuinama. Ataokota korosho za wenzake."

Msalimie shemeji, aache kukohoa kwa kudeka. Mpwa wangu fundi cherehani nimemkumbuka. Mama mkwe wako kiziwi msalimie kwa kupiga kelele.

Ni mimi, wa tumbo moja nawe,
Bruno