Bahasha ya Kumi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamepata nafuu na bado unawagombeza majirani kama kawaida yako. Sisi huku wazima, ila wifi yako kaninunia kwa sababu kabati la vyombo nimelijaza bahasha za Jenerali. Anasema mume gani huyu, anakusanya maganda ya barua!

Juzi muuza stempu wa karibu na posta, yule tunayemwita Gundi, aliniita dukani kwake kwa kunong'ona. Alikuwa na bahasha tisa ambazo Jenerali alimpelekea mchumba wake, yaani wewe, na jumba la makumbusho limeshazitaka. Nikasema kimoyomoyo, huyu kaghushi, maana wewe ulituapia kwamba zako ulizichoma moto. Nikazisogeza dirishani. Zote zilifunguliwa kwa chini, kwa sindano, kifuniko hakijaguswa. Nani mwingine hufungua barua hivyo ila wewe?

Nikaanza kumshuku kwa wizi kila anayeingia kwako, hata fundi aliyepaka rangi sebule yako, Mungu anisamehe. Nikambana Gundi mpaka akasema. Alizileta mama mmoja mrefu, mkali, mwenye mkongojo. Hakuuliza bei. Aliuliza tu kama mwandiko ule ni wa Jenerali kweli, kisha bahasha ya kumi akairudisha mkobani.

Lo! Kumbe ni wewe, na anayeshukiwa ni mimi.

Dada, unajua nilikuwa karani wake. Mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparura, kwa hiyo alisema, mimi nikaandika. Barua tatu za kwanza ni maneno yake. Kisha akaoa kwa siri, akaniamuru nikuarifu. Nikashindwa, maana ulikuwa huli kwa kungoja posta. Saba zilizofuata nilizitunga mimi, na majibu yako nikayasoma mimi. Ndoa yake ilipotoka gazetini, yule mwalimu uliyemkataa kwa ajili yake alikuwa keshaoa. Nimekusanya bahasha miaka yote hii ili zako, kama hazikuungua kweli, zikitokea nizifiche. Na kila nilipotaka kukuandikia nilisingizia kidole kibovu, wifi yako akashika kalamu.

Wasalimie wote hapo. Sikuombi msamaha leo, naona aibu. Ila barua hii, pamoja na anwani iliyo juu ya bahasha yake, nimeiandika kwa mkono wangu. Itoe ile ya kumi, uziweke pamoja mezani.

Ni mimi mdogo wako,
Karani