Mtasema Amejua Mlango

Kilimarondo, msimu wa kuokota korosho

Mdogo wangu Lusiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, shemeji Eustakio, na kila anayelala chini ya bati lenu hapo Mandawa. Goti lako limepona, au bado unalikanda maji ya moto na kulalamika? Mimi ni mzima. Nakula, nalima, na watu bado wananiogopa, kwa hiyo ondoa wasiwasi. Anayeandika ni jirani yangu Ashura, yule mama wa mapacha, unamjua. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupunguza hata neno moja, hasa pale nitakapomsifu yeye mwenyewe.

Salamu zako za hasira nimezipata kwa Klementina alipotoka msibani huko kwenu. Eti unapiga simu sipokei, na nikipokea unaniuliza ya mihogo nakujibu ya misa, halafu nakata. Ukasema nimeota kiburi tangu uliponipa mtoto wa mbwa. Subiri, mama. Hilo nitalijibu, lakini kwanza pata habari za mbwa wako.

Nimempa jina Mtasema. Wapita njia wakisikia ninavyomwita na wakajijua, shauri yao. Unakumbuka mbwa wangu wa kwanza alichukuliwa na fisi hapo hapo uani, kwa hiyo huyu nilisema atalala ndani mpaka apate meno ya kujitetea. Huko ndani akakojoa kando ya mtungi, akakojoa kwenye mkeka, mzigo mwenyewe akauacha chini ya kitanda changu. Nikamfunza kama tulivyofunza mbwa wa baba. Nilimkamata shingo, nikamsugua pua kwenye uchafu wake, nikamtoa kwa fagio. Hakujifunza kitu ila kunikimbia.

Ndipo Amedeus akaja kunijulia hali kutoka Nachingwea. Alivua viatu mlangoni kama nilivyomlea, akaingia, akakanyaga pale pale penye mkojo na soksi zake nyeupe. Mwanangu hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kwa upole kwamba mtu aliyeshindwa kumwangalia mtoto wa mbwa hawezi kuachwa akae peke yake. Akasema atarudi korosho zikianza kuanguka, na akikuta nyumba iko vile vile, mbwa atamrudisha kwako na mimi atanihamishia kwake, kwenye chumba cha uani chenye televisheni. Mimi, Lusiana! Nikae nimeikodolea macho televisheni kama kuku anayeatamia! Nyumba hii aliijenga marehemu mume wangu kwa mikono yake, na mikorosho hii niliipanda nikiwa na mimba ya huyo huyo Amedeus.

Ashura alinisikia nikimtukana mbwa, maana hakuna asiyenisikia. Akaja, akasimama mbali na mbwa, kwa sababu dini yake haimruhusu kuguswa na pua ya mbwa yenye maji. Nikamuuliza atamfunzaje asiyetaka kumgusa. Akanijibu kwamba maneno yake hayashiki najisi. Akasema nimekuwa nikimpiga mbwa kwa kosa alilokwisha kulisahau, ndiyo maana sasa hanyi mbele yangu, anakwenda kunya mvunguni. Akasema mbwa ni kama mapacha wake walipokuwa wadogo. Akiamka, nje. Akila, nje. Akicheza mpaka akaanza kunusanusa na kuzunguka, nje haraka. Na kila siku mahali pamoja, pale kwenye shimo la udongo nyuma ya jiko, na akimaliza asifiwe kama bwana harusi.

Basi ungetuona! Mtasema anachuchumaa shimoni, mimi na Ashura tunapiga vigelegele, watu wa njiani wanadhani kumezaliwa mtoto. Siku moja alimlamba Ashura mguu. Ashura hakumpiga teke wala hakunung'unika. Alikwenda kwake, akauosha mara saba, na udongo humo humo kama wanavyotakiwa, akarudi tukaendelea. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana subira ya punda na akili ya sungura.

Nyumba ikakauka. Nami kwa furaha nikataka Amedeus aikute inang'aa, nikasiriba sakafu yote upya. Jioni ile ile Mtasema akakojoa sebuleni, akakojoa chumbani, akakojoa kila alipogeukia, tena huku ananitazama akitingisha mkia, anangoja kusifiwa! Nilikaa chini nikalia, Lusiana, nikaanza kufunga nguo zangu. Ashura akaingia, akainama, akanusa sakafu, akaniuliza udongo nimeuchimba wapi. Nikamwambia shimoni, nyuma ya jiko. Alicheka mpaka ushungi ukaanguka. Nilikuwa nimechukua choo cha mbwa nikakitandaza nyumba nzima! Tukabandua yote kwa jembe, tukasiriba tena kwa udongo wa kichuguu na majivu. Na yeye ndiye aliyebeba ndoo nzito.

Likabaki jambo moja. Mtasema alikuwa ananyea nyuma ya mlango. Ashura alikuja akautazama mlango, akaona ubao wa chini umekwaruzwa kwa kucha mpaka umekuwa mweupe. Akanitazama mimi. Akaenda zake. Kesho yake akaja na dagaa, akanifungia mmoja kwenye pindo la kitenge, akamfunza mbwa kwamba akitaka nje anivute nguo. Nilimuuliza kwa nini asikwaruze tu kama mbwa wa watu. Akasema mbao siku hizi ni ghali.

Amedeus alikuja Jumapili. Nilikuwa nachambua maharage, Mtasema akaja akanivuta pindo. Nikafungua mlango nimtoe, nikamkuta mwanangu amesimama, mkono juu. Akavua viatu. Akatembea kila chumba na soksi zake, akachungulia mvunguni, akanusa kama bwana afya. Pakavu! Akakaa, akala ugali sahani mbili, akasema basi mama, kaa kwako.

Sasa nakujibu ya simu. Mdogo wangu, sisikii. Tangu ile homa ya masika, sikio la kushoto limekufa, na la kulia ni kama mtu anasema akiwa ndani ya mtungi. Simu ikilia sijui, nikiipokea nabahatisha. Ashura nimemkalisha kulia kwangu, mdomo wake karibu na shavu langu. Mbwa alikuwa anakwaruza mlango mimi nimeupa mgongo, sisikii, naye akashindwa kujizuia. Na Jumapili ile aliponivuta pindo, Mtasema hakuwa anataka nje. Ashura aliona kutoka kwake: Amedeus alikuwa amebisha na kuita hodi mpaka anataka kuzunguka nyuma.

Nilimficha kila mtu, hata padri, nikijua nikisema tu nitahamishiwa mbele ya televisheni. Ashura alijua tangu aliponitazama pale mlangoni. Leo tu, tulipokaa kuandika, ndipo ameniambia. Mtu akiiona aibu yako, asiitangaze, akaifunika kwa dagaa mmoja, utamwita jirani? Mimi namwita mwanangu. Hapa ameacha kuandika, anafuta macho. Nimemwambia aandike na hilo.

Amedeus nitamwambia mwenyewe Krismasi, ndani ya nyumba hii, mbwa akiwa miguuni, aone kwa macho yake jinsi ninavyoitwa. Usinitangulie, nitakuchapa na goti lako hilo hilo.

Msalimie mama yake Mtasema, mwambie amezaa. Ashura anawasalimu, na mapacha pia. Simu usipige tena, njoo. Ukifika piga hodi na usichoke. Mimi sitakusikia, lakini yupo atakayekusikia, atanivuta nguo, nami nitakufungulia.

Dada yako,
Brigita

Doa hilo hapo chini ni dole gumba langu na masizi ya chungu. Usiseme ni Mtasema.