Jina la Shosho

Kwako Becky,

Mvua imenyesha, viazi vimechipuka, na Mama anakula vizuri.

Unasema ubongo hutengeneza molekuli zake za kujikinga, na kwamba huko maabara mnataka kuzijaribu kwa wagonjwa wa Alzaima kama yeye. Nimekataa.

Mimi kifungua mimba nilipewa jina la shosho, mamake Baba, kama ilivyo desturi. Mama alimchukia mama mkwe wake, na chuki hiyo akaihamishia kwangu. Sasa ananiita Becky. Jana alinipapasa shavu.

"Mrembo wangu, yule Mugure akibisha usimfungulie. Ana macho ya shosho yake."

"Simfungulii, Mami," nikasema, tukacheka.

Dawa yenu mpeni mama mwingine. Huyu nimempata juzi tu.

Dadako,
Mugure