Ukuta Wako Juu ya Mdomo wa Mchanga

Mpendwa Baba Mdogo,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa adabu niliyofunzwa na Bibi, mama yako. Usilisome zaidi ya hapo. Umenipigia simu kutoka Kigali ukitaka nikuandikie historia ya ufuo wetu, kando ya mji wa Rubona, uitundike ukumbini kwenye nyumba yako ya wageni. "Andika kwamba palikuwa patupu, mimi nikapaendeleza," ulisema. "Si wewe ndiye msomi wetu?" Kwa kuwa umeikumbuka shahada yangu ya historia, acha niitumie.

Ufuo ule haukuwa mtupu. Ni utepe wa mchanga unaotenga Ziwa Kivu na kinamasi, na waliishi hapo wavuvi wa dagaa tunaowaita sambaza, washona nyavu na wachuuzi, ukoo wetu ukiwa miongoni mwao. Kila masika, kijito kilipokijaza kinamasi, watu wote walitoka na majembe kuukata mchanga ili maji yapate njia ya kwenda ziwani. Kazi hiyo tuliiita kufungua mdomo. Bibi ndiye aliyepiga jembe la kwanza, nawe ulinibeba begani ili nione.

Unakumbuka? Ulikuwa kijana wa maneno mengi na nguvu chache. Mama Zuhura, muuza sambaza, alikukejeli mbele ya umati: "Yewe! Muangalie huyu! Analima sawa vile anapapasa shavu ya muchumba!" Ulicheka kuliko wote, hadi Bibi akakukatiza: "Hamisi, acha kucheka. Maji iko na njia yake. Ukiifunga, itapita kwako kitandani." Maji yalipoupasua mchanga, ulinirusha juu ukanidaka. Siku ile nilikupenda. Sina sababu ya kukana.

Kwa hiyo hukukosa kwa kutojua. Mjinga ningemsamehe. Wewe uliujua mdomo ulipo, ukausimamishia ukuta wa saruji kwa sababu ndipo wageni wako wanapoliona ziwa vizuri huku wakinywa bia. Masika yaliyopita maji yalikosa pa kutokea, yakarudi majumbani. Nilimkuta Bibi ameketi juu ya meza, godoro lake likielea. Aliniuliza jambo moja tu: "Haya, Hamisi anajua?"

Nilimjibu kwamba unajua. Nilikuwa nimekwisha kukupigia simu. Nawe ukanitumia picha ya ukuta wako, mkavu, uliopambwa kwa maua.

Sasa Bibi anaishi Mudende, kule milimani kwenye baridi, kwa Shangazi, amejitanda mablanketi mchana kutwa. Hawezi kurudi nyumbani kabla mdomo haujafunguliwa, na kila asubuhi anauliza kama umefunguliwa. Kuhusu mwanawe haulizi tena. Hayo, Baba Mdogo, ndiyo maendeleo uliyoyaleta.

Historia uliyoniagiza ni hii, fupi kama ulivyotaka: Hapa palikuwa na mdomo wa mchanga. Aliyeufunga alifundishwa na mama yake kuufungua. Itundike popote upendapo, ila si kwenye ukuta ule. Wakazi wamekubaliana, uongozi umeridhia, na ukuta utabomolewa kabla ya mvua. Bibi atateremshwa kutoka Mudende apige pigo la kwanza.

Nilipomwambia, alisema: "Muwekee Hamisi jembe. Lile ya mupini mufupi, asichoke."

Nimeliweka. Ubaki salama huko uliko, ama uje kulishika.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyembeba begani.