Sukari ya Asubuhi

De Doorns, kwenye zabibu

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote walio chini ya paa letu. Magoti yanaendeleaje na baridi ya milimani? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika, maana kukata zabibu na tumbo la miezi saba si mchezo.

Nilikwambia nimekutwa na kisukari cha mimba. Muuguzi wetu, Sista Fortuin, alinipangia chakula: ugali wa papa kidogo, mboga nyingi. Akanitania, "Unachuma zabibu kutwa nzima, dada, na hakuna hata moja inayopotea njia?" Tangu siku hiyo sijala hata moja. Hata hivyo alinionya kwamba kabla mavuno hayajaisha nitahitaji sindano ya insulini. Nikamuuliza kajuaje, kwani yeye mpiga ramli? Akasema sukari inayopanda baada ya kula mara nyingi hushuka kwa kupanga chakula, lakini yangu iko juu asubuhi, kabla sijatia kitu mdomoni, tena imeonekana mapema. Mwili wenyewe umezidiwa.

Nilibisha. 'Malikeleli, ninayelala naye chumba kimoja, alisema ukianza sindano huachi tena. Nikajinyima hata ile papa kidogo, nikaanguka katikati ya mizabibu. Asubuhi yake sukari ilikuwa juu vilevile. Sista hakunigombeza. Alisema wengi huiacha sindano wakishajifungua, na kwamba nikijinyima mimi namnyima mtoto.

Kisha akauliza kama mama yangu aliwahi kuzaa mtoto mkubwa kupita kiasi. Nikamtaja kaka yangu Tlali, jinsi ulivyonisimulia: mkubwa hata wakunga wakapiga vigelegele, kisha akaanza kutetemeka, akafa kabla hakujakucha.

"Wako tutamchoma kisigino akizaliwa tu, tupime sukari yake," akasema. "Watoto wa akina mama wenye kisukari huporomoka sukari ghafla. Hutetemeka hivyo hivyo."

Mama, nimelibeba neno hilo wiki nzima. Sista hakumwona Tlali, hawezi kuapa, wala mimi siwezi. Lakini sisi tuliapa. Tulisema aliyemuua ni shangazi 'Matumelo, kwa kuwa alipita tete lililotundikwa mlangoni kuzuia wageni wasimfikie mtoto mchanga, akitoka mazikoni, akampakata mtoto. Tangu nizaliwe sijamwona ndani ya nyumba yetu. Nilifundishwa kumpita njiani bila salamu, nikampita.

Sindano nimeanza jana. Haiumi kama nilivyodhani. Nawe kapime sukari, tafadhali, maana kila nikikukumbuka nakuona na kikombe cha maji mkononi, kiu haikuishi.

Nikimleta mtoto nyumbani, tundika tete mlangoni kama desturi yetu. Wageni wangoje nje. Shangazi aingie, ampakate.

Wasalimie majirani wote. Salamu za shangazi usimtume mtu, mpelekee mwenyewe.

Ni mimi mwanao, uliyepewa baada ya Tlali,
Puseletso