Gitaa Juu ya Chanja

Jumatano, 20 Machi 2024

Mwezi umeshakuwa mkubwa, mitumbwi imelala. Kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa, kwa hiyo hapa mwaloni Katonga, ufukweni, hatuna cha kuanika kwenye chanja mpaka giza lirudi. Siku kumi hivi za bure! Wenzangu wanasukana nywele. Mimi najifunza gitaa.

Ndiyo, mimi Frida, miaka thelathini na minane, mikono inanuka dagaa. Mjomba Nehemia kapiga gitaa kwayani miaka ishirini. Sasa vidole vimemkakamaa, kahamia Kasulu kwa mwanawe, na gitaa kanipa mimi. Kwa mkono wake.

Leo Dismasi, mwalimu wa kwaya, kaja mpaka chanjani kulidai. Kisa? Gitaa la kwaya lilivunjika shingo Januari na Pasaka ni wiki ijayo. Eti gitaa lililomwimbia Mungu halikai kwenye banda la dagaa. Eti nimpe Pastory, mpiga gitaa wao. Nikamwambia Pastory naye ana wajomba zake.

Akacheka. Basi, Jumamosi kabla ya Pasaka nisimame mbele ya kwaya nzima, nitaje viungo vyote vya gitaa na kupiga wimbo mmoja. Nikishindwa, nalitoa. Nimekubali. Tena haraka, kabla sijafikiri!

Alhamisi, 21 Machi

Kichwa, huku juu. Vikazio sita vya kukaza na kulegeza nyuzi. Shingo. Vichuma vilivyolala shingoni: freti. Tumbo. Tundu la sauti. Na kile kibao cha tumboni zinakofungwa nyuzi: daraja.

Rozalia, jirani yangu wa chanja, anaimba kwayani pia. Kashika karatasi ananihoji kama mwalimu wa chekechea. Nikikosea, kofi la mgongo.

Kutaja nataja. Kupiga sasa! Uzi wa nne unakoroma kila nikiugusa. Pastory kapita, kasikia, kasema vidole vya mwanamke havina nguvu. Vidole hivi vilikuwa vinaanika dagaa yeye hajaota ndevu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua ya alfajiri imepita palepale bati lilipotoboka. Gitaa chepechepe!

Nikafanya ninachokijua. Jua lilipotoka nikalilaza juu ya chanja, tumbo juu. Saa sita nikaligeuza, kama ninavyogeuza dagaa. Rozalia hata hakushangaa, alinisaidia kufukuza kunguru. Kitu kikilowa si kinaanikwa?

Saa nane — pwaa! Daraja limeng'oka na nyuzi zake zote. Ubao wa mgongo umeachia ukingoni, mkono unapita.

Nimelia. Mbele ya watu, mwalo mzima. Kisha nikanawa uso, nikakusanya vipande kwenye kanga.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Habari imefika kanisani kabla yangu. Besi wote wananiuliza kama niliweka na chumvi.

Dismasi kasema nilete vipande, Pastory atatafuta fundi, mtihani tuusahau. Nikasema Jumamosi bado haijafika. Aibu ninayo, siwezi kujidanganya humu. Lakini vipande ni vyangu.

Jumatatu, 25 Machi

Ujiji, kwa Mzee Petero Ndayikunda, fundi mitumbwi. Watu wanasema alipokuwa kijana kule Burundi alitengeneza na magitaa. Nikamfungulia kanga. Akatazama muda mrefu.

"Mwana wanje, mwanangu. Ulilianika?"

"Nililianika, Mzee."

"Juani?"

"Juani."

"Yoo! Mbao hukauka kivulini, buhoro buhoro, polepole. Hata mtumbwi mpya mimi siuachi juani."

Nikadhani atalichukua alitengeneze. Wapi! Kaniwekea kopo la gundi ya mbao na kisu, kakaa kwenye gogo. Kasema aliyeharibu ndiye atengeneze, yeye ana macho tu.

Nimekwangua gundi ya zamani mpaka mkono umekufa ganzi. Kabla ya kufunga mgongo akaniambia nichungulie. Kumbe lina mbavu! Vijiti vitano vimegandishwa ndani, vinazuia ubao usibonyee. Kimoja kimelegea, kinatikisika. Akagonga ubao kwa kucha — ukakoroma.

Kumbe ndicho! Si vidole vyangu! Nimecheka peke yangu mpaka Mzee kaniuliza kama naumwa.

Nimegandisha ubavu, mgongo, daraja. Tumelifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, limelala kivulini. Nisiliguse hadi Alhamisi.

Alhamisi, 28 Machi

Limeshika. Nyuzi juu. Uzi wa nne hauna hata mkoromo.

Najua mishiko mitatu ya vidole shingoni, na wimbo wa kuingilia unahitaji mitatu tu. Ncha za vidole zimechubuka, nikishika ndimu naruka. Mjomba kwenye simu kasema vitaota sugu. Nikamwambia kuhusu chanja. Kacheka hadi akakohoa.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika kwenye daftari la nyimbo, hapahapa kanisani, benchi la mbele. Saa tano asubuhi.

Nimetaja vyote, kichwa mpaka daraja. Nikauliza kama wanataka na vya ndani. Nikawatajia mbavu tano, nikawaeleza kazi yake. Pastory akainama kuchungulia tunduni! Miaka yote hajawahi.

Nikapiga. Polepole. Nimekosea mara mbili, sikusimama.

Dismasi kasema nimejitahidi. Halafu: "Sasa dada Frida, mpe Pastory. Kesho ni sikukuu, si siku ya kujaribujaribu."

"Nimeshindwa?"

"Sijasema umeshindwa."

"Basi nalitoa kwa lipi?"

Nimekaa nalo mapajani. Sitoki.

Kasema mazoezi yataendelea bila gitaa. Sawa! Anawaanzishia kwa mdomo. Juu mno, hata Rozalia hafiki. Wamekatika mstari wa pili. Anaanza tena — juu tena. Wanacheka chinichini.

Nimegusa uzi wa tatu. Mara moja.

Wameupokea! Sauti ya kwanza, ya pili, hata besi walionicheka — wote wameshika sauti ya uzi wangu na wimbo unakwenda. Dismasi mikono juu, haimbi. Hajawasimamisha pia.

Ubeti umeisha. Kashusha mikono. Anakuja huku, Pastory nyuma yake. Kanyoosha mkono, sijui wa kupokea au wa kusalimia. Rozalia katoka kwenye mstari wake, kaja kukaa benchi hili.

Silitoi.